Usitie Sahihi Usiku

Ukiagiza gari nawe wakaa huku Kasulu au Kibondo, jua kwamba likishushwa bandarini Dar es Salaam bado lina safari ya zaidi ya kilomita 1,000, mikononi mwa dereva wa kukodi.

Gari langu jipya (jipya kwangu, maana Japani lilikwisha tumika) lilifika usiku, nje linang'aa. Ndani, kiti cha nyuma kimechanika shubiri nzima, na zulia linanuka mawese. Mawese, jamani, kutoka Dar es Salaam? Ndipo nikajua bwana yule alipita Kigoma kupakia mizigo yake.

Akanipa karatasi nitie sahihi. Nikakataa mpaka kupambazuke. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi nafasi ya kukagua kabla hajahesabiwa amekubali. Asubuhi tuliandika kila dosari kwenye karatasi ile ile, tukatia sahihi sote wawili. Picha za muuzaji mwenyewe zilionyesha kiti kizima.

Fedha ya mwisho niliizuia. Muuzaji alifoka sana simuni, kisha akamlipa fundi wa viti. Harufu ingalipo.