Shelfu ya kuegemea, mchwa na vitabu vya Mzee

Nimerudi Mlimani salama, ingawa kutoka Songea kupitia Njombe na Makambako mpaka Dar miguu imevimba kama maandazi. Leo siandiki habari za bumu. Nataka niwape kazi niliyoifanya likizo: kuchagua shelfu ya vitabu ya nyumbani.

Msicheke jamani. Marehemu Baba alikuwa mwalimu, na kikubwa alichotuachia ni vitabu. Pembeni mwa kurasa kaandika maoni yake kwa kalamu nyekundu, kama anasahihisha madaftari. Msimu wa mvua uliopita mchwa waliingia chini ya katoni moja wakamaliza vitabu tisa. Mama akatoa tamko: vikiliwa tena, vilivyobaki vinakwenda kufungia karanga.

Basi bwana, mdogo wangu akaniletea picha kwenye simu. Shelfu ya kuegemea: nguzo mbili kama za ngazi zimeegemezwa ukutani, katikati mbao, pana chini na nyembamba juu. Mjomba akasema huo ni urembo wa watu wa mjini, kabati la milango ndilo linalotunza vitabu.

Kwa nyumba yetu ya Bombambili mimi nilikataa. Kabati likishabanwa ukutani, nyuma yake ni giza. Mchwa wanapandisha njia zao za udongo humo taratibu, na siku unapofungua mlango wameshakula na kushiba. Shelfu ya kuegemea haina mgongo. Inagusa nyumba sehemu nne tu, miguu miwili na vichwa viwili. Mama akipiga deki anatupa jicho mara moja. Akiona kamstari ka udongo anakakwangua hapo hapo.

Likabaki suala la mbao. Fundi wa Mfaranyaki alinishauri paini, ambayo kwetu haina shida kuipata. Kule Wino, Madaba, kuna shamba kubwa la miti la serikali. Bei yake inavumilika, ila mchwa wanaipenda kama sisi tunavyopenda chipsi mayai. Kiini cha mninga wanakikwepa, lakini mninga tupu ungemaliza akiba yangu yote. Tukakubaliana hivi: nguzo mbili zinazogusa sakafu na ukuta ziwe mninga, mbao za katikati ziwe paini. Pesa ikaenda pale adui anapopitia.

Sasa sikilizeni ubaya wake, maana upo. Kitu kilichoegemezwa kinataka kuteleza. Ukijaza uzito juu, miguu inasukumwa mbele, na sakafu yetu ya saruji imesuguliwa mpaka inang'aa. Mita moja ya vitabu vinene inafika kilo ishirini na zaidi! Kwa hiyo Kamusi na vitabu vikubwa vilikaa chini, vijitabu vyepesi juu. Chini ya miguu tukagongelea raba za kandambili kuukuu.

Halafu kuna mpwa wangu wa miaka mitatu. Mtoto akiona ngazi anapanda, haulizi. Msidhani ni uoga wa kijijini: mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliita kurudishwa makabati ya droo kama milioni 29 huko Marekani, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Yale yalikuwa yamesimama wima kabisa, sembuse letu lililolala! Fundi akatoboa ukuta, akafunga kona mbili za chuma kwa skrubu. Nikaning'inia kwa mkono mmoja kujaribu. Haikutikisika.

Mama alipanga vitabu mwenyewe. Vile vyenye wino mwekundu mwingi kaviweka usawa wa macho yake, na habari za karanga sikuzisikia tena.

Kwa hiyo mwenzangu unayetaka kutengeneza kitu kwenu likizo ijayo, usianze na picha. Jiulize nyumba yenu inasumbuliwa na nini: mchwa, unyevu, watoto, au ukuta wa udongo usioshika skrubu. Kama ukuta haushiki, achana na ya kuegemea, tafuta yenye miguu minne.

Haya, naenda kusaka nondo, jaribio ni Jumatatu. Tupo pamoja.