Kutoka Majivu hadi Mzani

Kukhu, yaani nyanya yetu, hakuwahi kununua mafuta ya kujipaka. Kwetu Bungoma, kati ya Kimilili na Chwele, miaka ya 1970 mibono ilijiotea yenyewe mipakani mwa mashamba. Alizikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha kwa maji mengi, kisha akaengua mafuta yaliyoelea. Yalikuwa mazito, yenye harufu ya moshi, na miguu yetu iliyopasuka kwa umande ilipona kwayo. Nguo alizifulia maji ya majivu. Maganda makavu ya maharagwe yalichomwa, majivu yakatiwa kwenye chungu kilichotobolewa chini, maji yakachujika taratibu. Hiyo ndiyo musherekha, ileile iliyolainisha kunde jikoni. Ukali wake aliupima kwa ncha ya ulimi.

Tulipoanza shule, harufu ile ikawa kichekesho. Dukani kulikuwa na sabuni ya mche iliyokatwa kwa waya, na mafuta ya kupikia ya Kimbo, ambayo mama alituruhusu kuchovya kidogo kabla hayajaingia sufuriani. Baadaye ikaja Arimis. Ilitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, lakini sisi tulijipaka hadi usoni. Mafuta ya aina hiyo hutokana na mafuta ghafi (petroliamu). Hukaa juu ya ngozi na kuzuia unyevu usitoroke. Kwa baridi ya kwetu, hiyo si kazi ndogo.

Nilipohamia Kitale miaka ya 1990, sabuni na krimu za kung'arisha zilikuwa zimeshika soko. Mwaka 1998 serikali ya Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Hata hivyo, vipodozi hivyo viliendelea kuuzwa kichinichini. Binamu yangu aliachiwa mabaka meusi mashavuni, na ni yeye aliyeanza kuuliza kila kopo lina nini ndani.

Maswali yake yaliturudisha kwenye vitu tulivyovikanyaga kila siku. Alizeti inalimwa Bungoma na Trans Nzoia. Vinu vidogo huikamua, na mashudu huenda kwa wafugaji. Nta ya nyuki huteremka kutoka Mlima Elgon. Parachichi, msimu wake ukifika, huoza chini ya miti.

Ila tulipoanza kutengeneza sabuni yetu wenyewe, musherekha haikuturudia. Majivu hutoa sabuni laini kama uji mzito. Ukitaka mche unaokatika, lazima upate kostiki soda, nayo hutoka kiwandani. Hapo ulimi ukaupisha mzani. Kilo moja ya mafuta ya alizeti huhitaji takriban gramu 134 za kostiki ili yote yageuke sabuni. Kilo ya mafuta ya nazi, karibu gramu 183. Sisi hupunguza kostiki kwa asilimia 5, mafuta kidogo yabakie ngozi. Kostiki ndiyo humiminwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu yake, huchemka na kukurukia usoni. Unakoroga mpaka mwiko uache alama, unamimina, unakata kesho yake, kisha unaiacha rafuni wiki 4 hadi 6.

Alizeti peke yake haigandi vizuri wala haitoi povu la maana, na mnunuzi wa Chwele huuliza povu kabla ya bei. Kwa hiyo tunaagiza mafuta ya nazi. Sabuni tunayoiita ya Bungoma imebeba Pwani ndani yake.

Wateja huniuliza kama haina kemikali. Nawajibu kwamba hata musherekha ya kukhu ilikuwa nayo, tena kali, na kwamba mshubiri wa nyuma ya nyumba unaweza kumwasha mtu vilevile. Makopo yaliyomharibu binamu yangu hayakupungukiwa na picha za majani. Yalipungukiwa na orodha ya kweli ya vilivyomo. Ndiyo maana kila mche wetu umebandikwa karatasi: alizeti, nazi, nta, maji, kostiki. Wako wanaofika kwenye neno la mwisho wakairudisha sabuni mezani. Ni haki yao, na angalau wanajua wanachokikataa.