Mama mnene na fundi wake

Mama zangu mlio wanene kama mimi, leo nataka kusema juu ya nguo. Najua wengine watacheka na kusema: Ituri ina vita na wakimbizi, na huyu atuletea habari za blauzi! Haya, wacheke. Lakini nimemwona mama mzima, mwenye watoto sita, akibaki nyumbani siku ya arusi ya binti wa dada yake, kwa sababu nguo ya sare haikumwingia. Alituma mtoto aseme mama ana malaria. Hakuwa na malaria hata kidogo. Neno linalomfungia mtu ndani siku ya furaha ya jamaa zake, mimi siliiti neno dogo.

Hapa Aru sare ni desturi yetu. Ikifika arusi, au tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, chama huchagua kikwembe cha namna moja, na kila mama hulipa sawa na mwenzake, mara nyingi kwa shilingi za Uganda kama tulivyozoea watu wa mpakani. Kila mmoja hupewa yadi 6. Twaona ni haki, maana hakuna aliyependelewa. Lakini hebu tuhesabu. Yadi 6 hukatwa mara tatu: yadi 2 za blauzi, yadi 2 za kujifunga chini, na yadi 2 za kujifunga juu yake au kutupa begani. Yadi 2 ni sentimeta 183. Mimi kwenye nyonga nina sentimeta 134. Kitambaa kikinizunguka mara moja, zabaki sentimeta 49 tu za kupandana. Nikisimama nimesitirika vizuri. Nikipanda pikipiki kwenda soko la Ariwara, upepo wa njiani wanifanyia aibu. Jirani yangu mwembamba ana sentimeta 90; yeye kitambaa kilekile chamzunguka mara mbili na kubaki. Basi tumelipa sawa, lakini hatukuvikwa sawa.

Mama wengine, wakichoka na fundi, hugeukia mitumba. Humo mna nguo nzuri kweli, lakini sharti ujue kusoma kile kitambaa kidogo cha shingoni. Nguo iliyotoka Ufaransa ikiandikwa 50, ya Uingereza iliyo sawa nayo huandikwa 22, na ya Ujerumani 48. Mama asiyejua hayo huiacha ile ya 22, akidhani ni ya mtoto. Tena hata namba ikiwa ni yake, mara nyingi mabega yashuka mpaka karibu na viwiko, na shingo yafunguka kama mdomo wa gunia. Sababu yake ni hii: katika viwanda vingi huchora nguo ya mtu mwembamba kwanza, kisha huipanua kila upande kwa kadiri ileile. Lakini sisi hatunenepi hivyo. Mtu akiongezeka tumboni na kwenye nyonga, mifupa ya mabega yake haiongezeki pamoja nayo.

Aliyeliona jambo hili mapema ni mwanamke mshonaji, Lena Bryant, aliyezaliwa Lithuania akahamia New York, akafiwa na mume wake angali kijana, akajilisha yeye na mtoto wake kwa cherehani. Duka lake lilijulikana kwa jina la Lane Bryant. Yeye na mume wake wa pili, Albert Malsin, aliyekuwa injinia, hawakubahatisha. Walipima wateja wao wapatao 4,500, wakatafuta pia hesabu za wanawake kama 200,000 kutoka kampuni ya bima, wakaona kwamba unene si wa namna moja, bali ni wa namna tatu. Wakashona kwa kufuata namna hizo, na mwaka 1923 nguo za wanene zilikuwa zimeyapita mauzo ya nguo za wajawazito, ambazo ndizo zilizolijenga duka. Baadaye, mwaka 1939 na 1940, serikali ya Marekani nayo ilipima wanawake karibu 15,000 ili kuweka vipimo vya nguo za viwandani. Lakini waliohesabiwa ni weupe tu. Sishangai basi nguo ya dukani ikikataa mwili wa mama wa Kilugbara.

Lakini tusiende mbali hivyo. Vukeni mpaka wa Vurra, mwende Arua siku ya arusi, mtazame gomesi. Jina lake latoka kwa fundi Mgoa aitwaye Gomes, na nguo yenyewe ilianza kwa wasichana wa shule ya Gayaza, karibu na Kampala, mwanzoni mwa karne ya 20. Yaweza kula meta 6 za kitambaa, na mshipi wake hufungwa kwa kadiri ya mwenye kuvaa, basi mwaka akinenepa na mwaka akikonda nguo ni ileile. Tena chini ya gomesi wanawake hufunga kikoi ili nyonga zionekane pana. Mimi hucheka sana nikifikiri hayo: wembamba wa Uganda wajiongezea kwa kitambaa kile ambacho mimi nimepewa bure!

Sasa fundi. Nimepata kupimwa barazani na fundi mmoja aliyempigia kelele mwanafunzi wake aandike namba zangu, na nusu ya soko ikazisikia. Sikurudi kwake. Huyu nilie naye sasa ni mzee. Anapima kimya, anaandika mwenyewe katika daftari. Hunipima nikisimama, kisha husema, “Mama, kaa kidogo,” akanipima tena nimekaa, maana tumbo na nyonga huongezeka mtu akikaa, na ibada ya arusi haisikilizwi kwa kusimama tu. Hupima mbele peke yake na nyuma peke yake. Hupima mkono pale juu ulipo mnene. Huanza kukata kwa mabega. Mabega yakikaa sawasawa, nguo yote hutulia. Ndani ya mishono ya ubavuni huacha vidole viwili vya akiba. Hanishonei gunia. Mafundi wengi wakiona mama mnene huogopa, wakashona hema, na hema humfanya mtu aonekane mara mbili ya alivyo. Nguo ifuate kiuno kidogo, ishuke bila kubana. Basi.

Jambo la maua pia lina akili yake. Vikwembe vyetu vina michoro mikubwa kama sahani, na sahani moja ikiangukia katikati ya tumbo, watu wote hutazama hapo. Na vile vya jubilei, vyenye picha ya askofu au ya mkubwa fulani, ni vya hatari zaidi! Nimeona uso wa mheshimiwa ukikatwa na mshono, jicho moja mbele na jicho moja nyuma. Na mwingine ukiwekwa hasa mahali pa kukalia. Fundi atandaze kitambaa chote mezani kabla ya kushika mkasi, na mama awepo.

Juu ya bei nasema hivi. Kitambaa kilichozidi tukilipe, maana kina mwenyewe dukani. Lakini fundi asitutoze “taabu ya unene”, kwa kuwa wembamba hawapunguzii kitu. Nacho chama kiulize vipimo kabla ya kununua, ili anayehitaji yadi 8 azipate siku ileile. Akizitafuta baadaye, kikwembe cha rangi ileile kimekwisha, Ariwara na Arua pia.