Amana ya Paka

Katika vijiji vya Trans Nzoia, ng'ombe ana mchungaji, shamba lina kibarua na mtoto ana yaya. Paka hana mtu. Hata lugha haijampa jina maalumu yule amtunzaye paka wa mwenziwe wakati mwenyewe hayupo. Huenda ni kwa sababu wanakijiji wengi huamini kwamba paka hujilisha. Kumwomba jirani amwangalie paka ni kutaka kuchekwa.

Hata hivyo, mwalimu mmoja mstaafu, mjane aishiye peke yake chini ya milima ya Cherangani, alilazimika kuomba. Ulikuwa mwezi wa Januari. Mahindi yalikuwa yamekwisha kupukuchuliwa, magunia 20 ya kilo 90 yamepangwa ghalani, naye alitakiwa kulazwa mjini Eldoret kwa upasuaji wa nyonga. Angekuwa mbali majuma 5. Ghala lisilo na paka kwa muda huo ni karamu. Panya hali tu akashiba. Hutoboa gunia hili akahamia lile, nafaka ikamwagika, na inayosalia huchafuliwa kwa mkojo na kinyesi. Mahindi hayo ndiyo yaliyotarajiwa kulipia matibabu.

Jirani wa kwanza alikubali upesi mno. Alikuwa mkarimu, na pengine ndiye aliyempenda paka yule kuliko wote. Ila ghalani mwake alikuwa akitega sumu. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Huzuia damu kuganda, naye panya huzurura siku kadhaa akiwa mlegevu, windo rahisi kwa paka yeyote apitaye. Paka hajui mpaka wa shamba. Mwalimu alishukuru, akaaga.

Binamu yake wa Kitale alijitolea kumchukua paka akae kwake. Ukarimu huo nao ulikuwa na kasoro, kwani paka hufungamana na mahali: akihamishwa na kuachiliwa mapema, aghalabu hushika njia arudi kwao, na barabarani mna malori. Fauka ya hayo, ghala lingebaki bila mlinzi. Kisha yuko kijana aliyeuliza kwanza malipo. Hilo si kosa, kazi ni kazi. Lakini hakuuliza paka hula nini.

Hapa ndipo neno amana linapostahili kutazamwa. Lina mzizi mmoja na amini, imani na mwaminifu, mzizi uliotoka katika Kiarabu. Wengi hudhani kuwa mwaminifu ni yule asiyepoteza alichokabidhiwa. Lakini paka si fedha za kufungiwa sandukuni. Anaweza kupotea mikononi mwa mtunzaji aliye bora. Ahitajikaye, basi, ni mtu atakayesema.

Mwalimu alimkumbuka bibi mmoja wa ng'ambo ya kijito, asiyependa paka hata kidogo. Mwaka uliotangulia alikuwa amekuja alfajiri, kabla mtu yeyote hajaona lolote, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mbuzi wangu amekula sukuma wiki yako. Njoo uone."

Angeweza kunyamaza, mbuzi ni wengi kijijini.

Walikubaliana gorogoro 10 za mahindi. Bibi akapewa ufunguo wa ghala na omena ya kupimwa kwa kikombe kila jioni. Aliuliza maswali matatu tu: paka hulala wapi, hula saa ngapi, na akifa azikwe wapi. Swali la tatu lilimtuliza Mwalimu kuliko ahadi zote alizokwisha kupewa.

Katika juma la tatu, simu ililia wodini.

"Mwalimu, paka hajaonekana tangu juzi. Omena iko vile vile sahanini. Nimetazama darini, nimewauliza wenye sumu. Leo nitafuata kijito."

Mtu mwingine angengoja apate habari njema kwanza. Mwalimu hakulala usiku ule, wala hakuna haja ya kujifanya kwamba ukweli ulimpunguzia uchungu. Siku ya nne paka alirejea, sikio limeraruka, akajilaza juu ya magunia.

Mwalimu aliporudi akitembelea magongo, bibi alimkabidhi ufunguo, akamwonyesha gunia moja lililotobolewa, ambalo alikuwa amelishona kwa uzi wa katani, kisha akampa omena ya siku 4, imefungwa katika gazeti.