Marehemu wa Kitisuru: Jina gazetini, watoto katika faili

Kwa mpita njia, Kitisuru ni ua mrefu, lango la chuma na bawabu. Nyumba zenyewe zimejificha nyuma ya miti. Kabla ya kuwa kitongoji cha matajiri, hapa magharibi mwa Nairobi palikuwa na mashamba ya kahawa ya walowezi, na kabla ya walowezi, mashamba ya mbari za Wakikuyu.

Tamka Kitisuru polepole, kisha utamke Gitathuru, jina la mto upitao upande huo wa jiji. Sikio langu linaambiwa ni neno moja lililopita katika vinywa viwili. Makarani wa kikoloni waliandika walivyosikia, yakiwa majina ya mito au ya watu. Kwa hiyo, msomaji, ukimtafuta babu aliyeitwa Ng'ang'a, mtafute pia kwa Nganga.

Siku hizi utafutaji huo huanzia kwenye simu. Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kutolewa mwaka 1899, limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa katika Google Books. Andika jina la ukoo pamoja na Kitisuru, huenda likajitokeza tangazo la mirathi. Lakini mashine iliyosoma kurasa hizo huteleza palipo na chapa iliyofifia. Usiridhike na mstari uliotolewa na mashine. Fungua picha ya ukurasa wenyewe, usome kwa macho yako.

Na hata picha hiyo bado ni kionjo tu. Tangazo litakupa namba ya kesi na mwaka, jina la aliyeomba kusimamia mali, jina la marehemu, alikokuwa akiishi na siku aliyofariki. Litasema pia kwamba mwenye pingamizi ana siku 30. Tafuta watoto hapo, huwaoni.

Watoto wako Milimani. Ndipo safari yenyewe inapoanza, kutoka Kitisuru kupitia Westlands hadi kilimani ziliko mahakama, namba ya kesi ikiwa mfukoni. Bila namba hiyo na mwaka wake, karani wa masjala hana pa kuanzia. Ukilipata faili, ndani mna cheti cha kifo, kiapo cha mwombaji na barua ya chifu. Mimi barua hiyo naipenda kuliko karatasi nyingine zote, kwa maana ndiyo inayotaja waliobaki: wajane na watoto, kila mmoja kwa jina lake.

Hapo ndipo penye moto. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema katika kifungu cha 40 kwamba mali ya mume wa wake wengi aliyekufa bila wosia hugawanywa kwa nyumba, kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa kama fungu moja zaidi. Mke wa pili akiachwa nje ya kiapo, nyumba yake yote imeachwa nje ya shamba. Na shamba la Kitisuru si kitu cha kusamehewa kanisani. Kifungu cha 76 kinamruhusu jaji kufuta hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha jambo muhimu. Ila ni lazima kwanza ujue mwombaji aliapa nini, na hilo gazeti halikuchapisha.

Mambo ya enzi za ukoloni yanahitaji safari nyingine, hadi Hifadhi ya Nyaraka za Taifa katika barabara ya Moi, karibu na sanamu ya Tom Mboya, kuvuka kutoka ilikokuwa hoteli ya Hilton iliyofungwa mwaka 2022. Huko nako mwendo ni ule ule: orodha kwanza, namba ya faili, halafu karatasi.

Kesi zilizofunguliwa Nairobi tangu Julai 2020 zimewasilishwa kwa kompyuta. Za kabla ya hapo bado ni karatasi na vumbi. Omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri wa mahakama, na kabla ya kulirudisha faili geuza kila karatasi uone na upande wa nyuma. Mwandiko wa chifu, tarehe ya muhuri na alama ya kidole gumba cha mjane havichapishwi gazetini.