Simu ya Msikiti na Ufunguo wa Mzizi

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika mazungumzo ya vijana wetu bila kubisha hodi ni neno "kuruti". Kijana akiwa na simu nzito, iliyojaa programu asizozihitaji na isiyopokea tena masasisho ya kiwanda, wenzake humwambia airuti, nayo itapona. Wazazi husikia na kunyamaza, wakidhani hayo ni mambo ya mafundi. Nasi huenda tungenyamaza vilevile, lau shauri hilo lisingeletwa mbele ya kamati ya msikiti wetu hapa Mkiwa, tena kuhusu simu isiyo ya mtu mmoja.

Simu hiyo ni ya waumini. Imo ndani yake orodha ya michango ya ujenzi wa madrasa, jina kwa jina, wakiwamo waliotoa kwa sharti la kutotajwa. Zimo namba za jamaa zetu walioko Singida mjini, Itigi na Dodoma ambao hutukumbuka kwa sadaka. Zimo pia sauti za darsa za marehemu maalim wetu, za misimu minne ya Ramadhani. Kila alfajiri simu ilitoa onyo kwamba nafasi imekwisha, hata kijana mmoja wa hapa kwetu, anayesomea ufundi mjini, akajitolea kuifungua.

"Ustadhi, hiyo ni kazi ya saa mbili tu," alituambia.

Mweka hazina wetu, mzee ambaye huhesabu sarafu mara tatu, aliuliza swali moja: "Ukishaifungua, mwanangu, ufunguo atabaki nao nani?"

Kijana hakuwa na jibu, nasi pia hatukuwa nalo. Ikakubaliwa kwamba tujifunze kwanza, na mazoezi yafanyike kwenye simu nyingine kuukuu, yenye kioo kilichopasuka na isiyo na kitu cha mtu ndani.

Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, nacho hufuata desturi za Unix, mfumo wa kompyuta ulioanza Marekani mwaka 1969. Katika desturi hiyo yuko mtumiaji mmoja mwenye mamlaka juu ya kila faili, na jina lake kwa Kiingereza lina maana ya mzizi. Ndiko lilikotoka neno kuruti. Mnunuzi wa simu hapewi cheo hicho. Hupewa cheo cha mpangaji: ataingiza samani zake, atatundika mapazia, lakini ukuta hauvunji. Kuruti ni kujitwalia cheo cha mwenye nyumba. Kubadili programu endeshi yote, ambako vijana huita kuweka romu, ni jambo jingine, ingawa wengi huyachanganya mawili hayo. Yawezekana kuruti simu na kubaki na programu ya kiwanda, kama iwezekanavyo kuweka romu mpya bila kuruti kabisa.

Romu tuliyojifunzia ni LineageOS, nayo ina nasaba yake. Mwaka 2009 Mmarekani Steve Kondik alianza kutoa toleo lake la Android kwa ajili ya HTC Dream, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, akaliita CyanogenMod. Kazi ikakua, ikaundiwa kampuni, na kampuni hiyo ikasitisha huduma zake za CyanogenMod mwishoni mwa Desemba 2016. Waliokuwa wakijitolea hawakutawanyika. Waliendelea kwa jina la LineageOS, na hadi leo romu hiyo hutolewa bure. Matunda yake yanaonekana. Galaxy S5 ilitoka mwaka 2014 ikiwa na Android 4.4, masasisho ya kiwanda yakaishia 6.0, lakini kwa LineageOS ilifika Android 11. Kwa familia inayongoja mavuno ya alizeti ndipo inunue kitu, kuongezewa miaka ya kutumia simu ileile si jambo dogo.

Hata hivyo, si kila simu ina romu yake. Romu hutengenezwa kwa modeli maalumu, na simu nyingi za bei nafuu zilizomo mifukoni mwetu hazimo kabisa katika orodha ya LineageOS. Namba ya modeli isomwe herufi kwa herufi, kwa maana simu mbili zenye jina moja na sura moja huweza kuwa na vichakato tofauti ndani, na romu ya moja ikaiua nyingine. Jioni nzima ya kwanza ilikwenda katika hilo. Ya pili ilikwenda katika waya: ule tuliokuwa nao ulikuwa wa kuchaji tu, usiopitisha data, na kompyuta mpakato haikuiona simu hata kidogo. Baada ya kupata waya mwingine, tuligusa nambari ya muundo mara saba katika mipangilio, kikafunguka chumba cha wasanidi programu, na humo tukaruhusu kufuli lifunguliwe.

Kufuli hilo lataka maelezo, kwa kuwa ndipo lilipo jibu la mzee. Simu inapowashwa, programu ndogo iitwayo butiloda huamka kwanza na kukagua saini ya programu endeshi, mfano wa bawabu anayetazama barua kabla ya kumruhusu mgeni kuingia. Ukimwondolea bawabu kazi hiyo, simu nyingi hufuta kila kitu chako: picha, sauti, majina, yote. Wapo wanaodhani kwamba hiyo ni adhabu ya kiwanda. Sivyo. Kama kufuli lingefunguka na vitu vikabaki, mwizi angeiba simu yako, akaweka programu yake na kujaribu kusoma siri zako. Ufutaji ule unamlinda mwenye mali asiyekuwapo.

Tulipoiruti simu ile ya mazoezi kwa programu ya Magisk, tuliona upande wa pili. Programu yoyote utakayoipa ruhusa ya mzizi huweza kusoma mafaili ya programu nyingine zote, bila ukuta wa kuizuia. Kwenye simu ya kijana, hasara ikitokea ni yake. Kwenye simu yenye majina ya watu waliotoa kwa siri, hatukuona ni nani mwenye haki ya kutoa ruhusa hiyo kwa niaba yao. Aidha, programu ya benki tuliyoijaribu ilikataa kufunguka, maana programu za namna hiyo hukagua kama simu imeguswa. Malipo kwa menyu ya nyota, kama *150*00#, hayakuathirika, kwa kuwa hupitia mtandao wa simu na laini, si programu iliyosakinishwa.

Kisha likaja jambo lililomchekesha kijana wetu. Programu za kiwanda hukaa katika sehemu yake ya hifadhi, mbali na sehemu ya mtumiaji. Ukizing'oa kwa kuruti, nafasi unayopata kwa ajili ya picha na sauti ni ndogo mno. Kwa amri chache za kompyuta kupitia waya, hata bila kuruti, huweza kuondolewa machoni pa mtumiaji, na zikarejea simu ikirudishwa hali ya kiwanda. Na kilichoijaza simu ya msikiti hakikuwa programu. Zilikuwa picha za Ijumaa Mubarak, mamia kwa mamia, zilizotumwa na kurudishwa katika kundi letu la WhatsApp.

Mzazi ambaye mwanawe ameanza ufundi huu asimkataze, bali amuulize simu anazoletewa ni za nani. Mikono iwezayo kuweka romu ndiyo iombwayo pia kuondoa kufuli la akaunti kwenye simu iliyookotwa, au kubadili IMEI. Hili la pili ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na wengi wanakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia nchini kote. Kijana wetu sasa ana daftari: jina la mwenye simu, modeli, IMEI, na sahihi. Abiria mmoja aliyeshuka kwenye basi akikataa kutia sahihi aliondoka na simu yake kama alivyokuja nayo.

Kamati iliamua simu ya msikiti isifunguliwe. Sauti za maalim zilinakiliwa kwenye kadi mbili za kumbukumbu, moja kwa imamu na moja kwa mweka hazina, orodha ya michango ikaandikwa pia kwenye daftari, na picha za Ijumaa zikafutwa. Simu ya mazoezi, isiyo na laini, imepelekwa madrasa, na watoto husikilizia humo visomo. Betri yake imeanza kuvimba, na hakuna romu iwezayo kulitibu hilo. Fedha za betri mpya zimeombwa katika kikao kijacho, na mzee ameshauliza bei mara tatu.