Kuuzunguka Mlima

Nilipofika Mwika nilivaa koti. Jua la saa sita lilikuwa linachoma, jasho lilikuwa linanitiririka tangu kilima cha Marangu, na wenzangu wakanicheka. Sikuwaambia sababu. Fulana zetu zilikuwa na neno moja kubwa kifuani, UKIMWI, na mbele yetu ilikuwa Rombo, nyumbani kwetu.

Tulikuwa tisa, tumetoka Moshi alfajiri ili tuuzunguke Mlima Kilimanjaro kwa baiskeli kwa siku nne: Himo, Marangu, Rombo, Tarakea, kisha nyuma ya mlima hadi Kamwanga, tushukie Sanya Juu na kurudi. Wazo si letu. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa Kili Challenge, watu wakiupanda mlima au kuuzunguka kwa baiskeli kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Sisi tuliiga kwa udogo wetu, kila mmoja na kadi yake ya michango, kwa ajili ya watoto yatima.

Juu ya kadi palikuwa na mstari: "Kwa kumbukumbu ya..." Wangu niliuacha wazi.

Dada yangu alifariki mwaka 2001. Tulisema ni kifua. Mama ndiye aliyetufundisha kusema hivyo, nasi tukashika. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Miaka mitatu tu. Hesabu hiyo nimeipiga usiku mwingi.

Mama alikuwa kando ya barabara na chupa ya chai na ndizi za kuchemsha. Alinitazama nilivyolowa.

"Vua koti, mwanangu. Utaugua."

"Niko sawa, Mama."

"Vua."

Nikavua. Alisoma polepole, kama anavyosoma Biblia. Majirani wawili walikuwa pale, na kijana wa bodaboda. Mama akauliza, kwa sauti yake ya kila siku, "Na jina lake mbona hamkuliandika?"

Sikuwa na jibu. Akanipeleka kihambani, penye kaburi katikati ya migomba, akakata jani la isale. Kwetu Uchagani isale ni la kuombea msamaha, ukiletewa, hukatai. Hakusema anamwomba nani. Alilifunga kwenye usukani wa baiskeli yangu, kisha akanimiminia chai.

Siku ya pili tuliiacha lami. Vumbi laini kama unga, mawe, pancha mbili kabla ya saa nne. Mahali fulani njiani tulikuta kinyesi cha tembo kingali kibichi, tukakanyaga pedeli bila kuongea. Upepo wa upande ule ni baridi. Koti lilibaki kwenye begi.

Kamwanga tulikula wali maharage kwa mama ntilie. Akaliona jani, limeshaanza kunyauka.

"Unaenda kumwomba nani msamaha?"

"Dada yangu," nikasema. "Alikufa kwa UKIMWI."

Sikuwahi kuitamka sentensi hiyo. Yule mama aliniongezea upawa wa maharage. "Mimi wangu walikuwa wawili," akasema, akafungua fundo la khanga, akanipa shilingi elfu mbili.

Nikatoa kadi nimwandike. Kabla ya kuandika jina lake, nilirudi juu, kwenye ule mstari, nikaandika la dada.